Safu ya Kikohozi

Jumanne, 4 Machi

Hospitali imenipa daftari la bluu lenye safu nne: joto, kikohozi, hamu ya kula, mengineyo. Safu ya "mengineyo" ina upana wa vidole viwili. Watu waliosoma miaka ishirini wameamua kwamba yote yanayobaki katika maisha ya mgonjwa yanaenea kwenye vidole viwili. Nitawajazia tarakimu zao. Yangu nitaandika humu, katika daftari nililonunua mwenyewe, na humu sitamwomba mtu ruhusa ya upana.

Nianze na ugomvi, maana ndiyo kazi yangu. Wasomaji wananiita Kichomi, kwa kuwa nikiingia ubavuni mwa mtu hanitoi kirahisi. Miaka mitatu iliyopita niliandika gazetini kuhusu maabara iliyo nyuma ya hospitali hii. Makala niliiita "Wafugaji wa Maradhi". Nilisema kuna watu wanaotunza bakteria kwenye chupa karibu na nyumba zetu kama wengine wanavyotunza kuku, na hawajatuuliza. Wakazi wakaandamana. Maabara ikafungwa zaidi ya mwaka. Niliikata makala ile nikaibandika ukutani juu ya meza hii hii ninayoandikia. Leo nimeingia kwenye jengo lile kwa miguu yangu, nikiwa na uvimbe wa ukubwa wa limau kwenye pafu la kulia, na mkuu wa wafugaji amenipokea mlangoni.

Daktari ni mwanamke mfupi, mdogo kuliko nilivyomwandika. Nilitazamia anisute. Alisema tu, "Nimekusoma," akanionyesha pa kukaa.

Kisha akanieleza. Nimewahi kuwachapa wataalamu wengi kwa lugha yao ya kujificha, lakini huyu nakiri alieleza hata mimi ningeshindwa kumzidi. Saratani, alisema, ni mwizi aliyekulia ndani ya nyumba. Anavaa nguo za nyumba, ananukia nyumba. Mbwa anamwona kila siku na habweki. Kwa hiyo wao wamechukua protini moja ya bakteria wa kifaduro, si bakteria mzima wala aliye hai, wakaifanya mvuke. Mgonjwa anauvuta, protini inanasa kwenye uvimbe, na mbwa anapata ghafla harufu ya mwizi wa zamani, yule aliyewahi kumpiga jiwe.

"Na kama mbwa hajawahi kukutana na huyo mwizi wa zamani?" niliuliza.

"Ataendelea kulala. Ndiyo maana fomu inauliza kama uliwahi kuugua kifaduro."

Nilijibu ndiyo kwa sauti ya mtu anayeonyesha cheti. Mdogo wangu wa kiume alikipata kwa watoto wa jirani, akaniambukiza. Yeye alikufa akiwa na miaka mitatu. Mimi, mwenye sita, nikapona. Hadithi hiyo nimeitumia katika makala zisizopungua kumi, nikiwachapa nayo wakubwa walioacha chanjo ziharibike ghalani na wazazi wanaojifanya hawaziamini. Kila nilipobishiwa nilisema: mimi nimelala kitanda kimoja na kifaduro. Hakuna aliyewahi kunijibu.

Utaratibu ni mivuke kumi na miwili, kila Jumanne. Homa ndiyo dalili kwamba mbwa ameamka. Asiyepata homa, na damu yake isibadilike hadi mvuke wa sita, anaondolewa kwenye utafiti.

Chumba cha mvuke kina viti viwili vya ngozi bandia, dirisha lisilofunguka na saa ya ukutani. Kiti cha pili anakalia fundi saa mstaafu, ambaye vidole vyake bado vinashika hewa kama vinashika skrubu. Muuguzi alitufunga barakoa, mashine ikanguruma, mvuke ukaja. Una harufu ya chuma kilicholoa. Fundi aliinua barakoa yake mara moja tu, kunijulisha kwamba ile saa imechelewa dakika nne, na kwamba mtu anayeiamini hospitali yenye saa kama ile anaweza kuamini chochote. Nilimpenda papo hapo.

Homa: hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Homa hakuna. Hasira ya kawaida.

Jumanne, 11 Machi

Fundi ameomba kuitengeneza saa ya ukutani. Muuguzi amesema ni mali ya hospitali, lazima fomu ipite idara ya matengenezo. Fundi akauliza kama idara hiyo ina saa.

Nimefika nyumbani saa nane nikitetemeka. Saa tisa alasiri kipimajoto kimesoma 38.4. Nilicheka peke yangu chumbani. Amka, mbwa, amka. Nikajitupa kitandani mvua ikianza, sikuzinduka hadi jua linazama.

Jumatano, 12 Machi

Chini yangu anaishi mshonaji ambaye cherehani yake haipumziki. Leo amenisimamisha kwenye ngazi.

"Dada, sikujua una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mtoto. Jana alasiri alikohoa mpaka nikasimamisha cherehani. Mpeleke hospitali, dada. Kile si kikohozi cha vumbi."

Nilimwambia sina mtoto, sijawahi kuwa naye, na kwamba katika majengo haya sauti hutembea zinavyotaka. Alinijibu kwa upole, kwa sauti anayowajibu nayo wateja wanaodanganya kuhusu viuno vyao, kwamba sauti ilitoka juu ya kichwa chake.

Nikamuuliza kinasikikaje.

"Kinakwenda mfululizo, hana nafasi ya kuvuta pumzi. Halafu mwishoni anavuta hewa, kama bawaba ya mlango mkavu."

Nilipanda ngazi zilizobaki bila kumuaga. Bawaba ile naijua.

Jumanne, 18 Machi

38.9. Fundi 36.6, mara ya tatu.

Jumatano, 19 Machi

Nimekuta chupa ya asali mlangoni, na karatasi: "Ya mtoto." Nimeirudisha. Jioni nimeikuta tena mlangoni.

Jumanne, 25 Machi

Fundi amefanya kioja. Alikuja na chupa ya chai moto, akainywa ukumbini, kisha akaja kupimwa akiwa amefumba mdomo kama mtu aliyeficha dhahabu. Kipimajoto kikasoma 41.8. Muuguzi alikitazama, akamtazama yeye.

"Kwa joto hili, mzee, ulifariki juzi."

"Ndiyo maana najisikia vizuri," Fundi alisema.

Tulicheka wote watatu, ila yeye aliacha kucheka kabla yetu. Baadaye aliniuliza, bila kunitazama, homa inaanzaje. Je, inaanzia miguuni? Nilimweleza kama tajiri anavyomweleza maskini ladha ya nyama. Sikuipenda sauti yangu.

Leo kabla ya kulala nimeiacha simu ikirekodi, juu ya kiti, karibu na mto. Mimi ni mtu wa ushahidi.

Jumatano, 26 Machi

Nimesikiliza. Mvua, muda mrefu. Cherehani chini. Kisha kikohozi, karibu kabisa na simu: cha mtoto, kikali, mfululizo, halafu bawaba. Cherehani ikanyamaza. Ukimya kama wa dakika moja. Kisha kikohozi kingine, chembamba kuliko cha kwanza, mbali kidogo, kama kinatoka ukingo wa pili wa kitanda.

Kitanda changu ni cha mtu mmoja. Upande mmoja ni ukuta.

Hoja zangu ni hizi. Cha kwanza ni mimi: homa imenibana koo, na koo lililobanwa hutoa sauti ya kitoto. Cha pili ni mwangwi wa ngazi. Mwangwi unaochelewa dakika nzima ni mwangwi mzembe, lakini ndio nilio nao. Nimesikiliza mara tano. Mara zote tano cha karibu kinaanza na cha mbali kinajibu.

Jumanne, 1 Aprili

39.0. Daktari ameniita ofisini kunionyesha karatasi ya damu. Anasema askari wangu wa kinga wanaoitambua ile protini ni wengi kuliko wa mgonjwa yeyote aliyewahi kumpima. "Mwili wako unakumbuka kana kwamba ni jana," alisema. Anahitaji tarehe niliyougua, kwa ajili ya kumbukumbu zake, na kama kadi ya kliniki ya utotoni ipo, aione kwa macho. Nilimwambia kadi za familia anazo shangazi yangu, na kwamba nitakwenda nikipata nafasi.

Nina nafasi tele. Ni kwamba sikutaka kwenda, na sikujua kwa nini sitaki.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua siku nzima. Simu imerekodi vikohozi sita. Vitatu, na vitatu vya kujibu. Leo haikuwa siku ya mvuke, wala sikuwa na homa.

Jumanne, 8 Aprili

Wamemwondoa Fundi.

Muuguzi alileta karatasi kabla hata hatujavaa barakoa. Leo ni mvuke wa sita, homa hakuna, damu kimya. Kama aliwahi kuugua kifaduro, mwili wake haujui. Atapelekwa kwenye dawa za kawaida, zile ambazo tayari zilishashindwa kumponya. Fundi aliisoma karatasi yote, hadi maandishi madogo ya chini, akauliza kama anaweza kukaa kwenye kiti hadi mvuke wangu uishe, maana amezoea.

Mimi sikusubiri mvuke. Nilikwenda ofisini kwa Daktari nikafungua mlango bila kubisha. Nilimwambia anamfukuza mtu kwa kosa la kusahau utoto wake. Nilimwambia sayansi inayochagua wa kuokoa kwa maradhi aliyougua akiwa na nepi haina tofauti na ramli. Mwisho nikatumia ile sauti yangu, ile iliyowahi kumng'oa mkuu wa idara nzima, nikamwambia nitaandika.

Daktari aliweka kalamu chini. Akanipeleka kwenye maabara ile ambayo nilikuwa nimeielezea gazetini bila kuikanyaga. Ni chumba kidogo, safi, chenye baridi. Alifungua friji, akanionyesha rafu tupu. Ukingoni mwa rafu kulikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa mkono: pepopunda.

"Wanaokumbuka kifaduro wanavuta mvuke ule," alisema. "Wasiokikumbuka wangevuta huu. Karibu kila mtu anaikumbuka pepopunda, kwa sababu ya sindano. Mzee wako amechomwa sindano hiyo mara tatu kazini, kila alipojikata. Nimesoma faili lake. Tulikuwa tumebakiza mwaka mmoja. Halafu tukafungwa miezi kumi na minne, umeme ukakatwa, na kila kilichokuwa humu kikaoza."

Nilisubiri apandishe sauti. Hakupandisha.

"Kwa hiyo andika, mama," alisema. "Wewe andika tu."

Nilisimama mbele ya rafu ile hadi friji ikaanza kulia kwa kuachwa wazi.

Niliporudi chumba cha mvuke, Fundi alikuwa ameishusha saa ya ukutani. Alikuwa ameifungua mapajani kwa bisibisi ndogo aliyoitoa mfuko wa shati, na muuguzi alikuwa dirishani, amempa mgongo, akiitazama mvua kwa bidii kubwa. Aliirudisha ukutani, akarudi hatua mbili kuitazama.

"Nimewarudishia dakika zao nne," alisema. Kisha akaniambia nivae barakoa, nisipoteze zamu ya watu.

39.3.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimetoka kwa shangazi.

Ni dada mdogo wa baba, na ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Televisheni yake huwa inawaka bila sauti, kwa sababu, anasema, watu wa humo hawana la kumwambia. Nilimwamkia, akaitikia, akasema nimekonda, na kwamba saratani si sababu ya kuvaa viatu kama vile. Nikamwambia nimekuja kuchukua kadi yangu ya kliniki.

Aliinuka mwenyewe, akakataa nimsaidie, akarudi na mkebe wa biskuti. Alikaa nao mapajani, mikono juu ya kifuniko.

"Hao madaktari wanataka kujua nini hasa?"

"Tarehe tu, shangazi."

"Tarehe tu," alisema, akaufungua.

Kadi zilikuwa mbili, zimefungwa pamoja kwa uzi. Yangu: kifaduro, 9 Aprili. Ya mdogo wangu: kifaduro, 23 Aprili. Chini ya hapo, kwa wino mwingine: amefariki, 27 Mei.

Nilizisoma kama ninavyosoma makala ya adui, nikitafuta tundu. Nikasema karani wa kliniki alichanganya kadi.

"Hakuchanganya."

Haya ndiyo aliyonieleza, na nayaandika kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Mimi ndiye niliyeanza kukohoa. Mama alipoisikia ile bawaba, siku ile ile akanipeleka kwa shangazi, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili na kazi ya zamu, ili nisimwambukize mdogo wangu. Nilikaa siku nne. Siku ya nne alasiri, mvua ikinyesha, shangazi alisinzia kwenye kiti. Nilifungua mlango nikaenda. Nilitembea njia nzima peke yangu, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Mama alipokuja kumwamsha mdogo wangu alitukuta wawili kitandani, mimi ukutani, yeye ukingoni, tumegusanisha vipaji vya nyuso.

"Mama yako alikuuliza kwa nini umerudi," shangazi alisema. "Ukamwambia ulimsikia anakuita."

Nilimuuliza kwa nini waliniambia kwamba yeye ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa na miaka sita. Mtoto habebeshwi jeneza. Mama yako alisema, mzigo mpeni marehemu, yeye hatabishana." Aliitazama televisheni. "Halafu ukakua, ukawa unawapiga watu kwa hadithi ile magazetini. Nani angekunyang'anya fimbo yako?"

"Na wewe, shangazi? Ulikaa kimya kwa ajili yangu?"

"Mimi nilisinzia," alisema. "Miaka arobaini na sita sijalala mchana."

Aliufunga mkebe. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Tukanywa.

Jumapili, 13 Aprili

Mwili wangu ulijua. Mama aliweza kunidanganya mimi, mimi nikawadanganya wasomaji wangu, lakini muda wote huo ndani ya damu kulikuwa na askari waliohifadhi tarehe halisi. Kila homa niliyojivunia ilikuwa wao, wakisoma kadi ya kliniki kwa sauti.

Na kinachoniponya ni hicho. Kikohozi nilichompelekea mdogo wangu, kwa miguu yangu, kwenye mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Sikwenda.

Saa ya mvuke simu ililia. Fundi, aliyepewa namba yangu na muuguzi, kutoka nyumbani kwake, pumzi fupi.

"Mama, saa ya ukutani inasemaje?"

Nilimwambia sipo hospitali, na sitarudi. Akauliza sababu. Nilimwambia yote, yeye ambaye sikumwambia hata jina langu: kadi mbili, kitanda kimoja, mdogo wangu. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, nikamwambia na la rafu tupu, na kwamba mwandishi wa ile makala ni mimi.

"Najua kuwa ni wewe," alisema. "Picha yako ilikuwa juu. Niliisoma. Niliandamana."

"Uliandamana?"

"Mstari wa mbele. Nilibeba bango, zito ajabu. Kifua kiliniuma wiki nzima." Alikohoa, kikohozi cha mtu mzima, cha kawaida, kibaya. "Sasa nisikilize. Mbwa wako anabweka, nawe unataka kumfunga mdomo kwa sababu umegundua alichokiona. Wangu amelala fofofo. Ningejua aliko ningempiga teke. Jumanne ijayo nitapiga simu, na nitauliza saa. Usije ukaniambia hujui."

Alikata kabla sijabisha. Ni mbinu yangu hiyo, kukata kabla.

Jumatano, 16 Aprili

Vikohozi alasiri. Jana sikuvuta mvuke wowote. Cha karibu kilikuwa kizito kuliko kawaida. Cha mbali kilijibu haraka, kabla cha kwanza hakijaisha.

Jumanne, 22 Aprili

Nimerudi. Daktari hakuuliza nilikuwa wapi. Nilimpa kadi yangu, na kwa sababu nisiyoweza kuitetea nikampa na ya mdogo wangu. Alisoma tarehe zote mbili. Nilimwona anapiga hesabu ya siku. Akazirudishia uzi wake taratibu, akazifunga kama zilivyokuwa, akasema, "Pole, mama."

Sijawahi kumsikia mtu akisema pole bila kutaka chochote.

Simu ya Fundi: saa nne na dakika kumi na mbili. Sahihi, alisema.

39.1.

Jumanne, 29 Aprili

Mshonaji alinisubiri mlangoni kwake akiwa na kifurushi. Ndani kulikuwa na fulana za flaneli, nene, za kuzuia baridi kifuani. Mbili. Moja ya mtoto wa miaka sita hivi, nyingine ndogo.

Nilimuuliza amepimaje.

"Kwa kusikiliza. Miaka thelathini nashona, dada. Ukubwa wa kifua nausikia."

"Na kwa nini mbili?"

Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Kwani hawako wawili?"

Nilizichukua. Niseme ukweli: nilimshukuru.

Jumanne, 6 Mei

Picha ya kifua. Limau limekuwa haragwe. Daktari aliniwekea picha mbili mbele ya taa, ya Machi na ya leo, akaniacha nijionee. Nilipotaka kusema neno kubwa alinizuia: "Bado mivuke mitatu." Lakini mkono wake ulikuwa umeung'ang'ania ukingo wa meza. Mtu huyu nilimwita mfugaji.

Fundi alipiga simu. Nilimwambia saa, sikumwambia la picha. Aliuliza mwenyewe: "Wamekupiga picha? Uvimbe umebaki kiasi gani?" Nikasema haragwe. Akacheka hadi pumzi ikamwishia, akasema haragwe analimudu hata mbwa kibogoyo.

Jumanne, 13 Mei

Saa nne na dakika kumi na mbili simu ililia. Haikuwa sauti yake. Mwanamke, mtu mzima, aliniuliza kama mimi ndiye mama Kichomi. Alisema yeye ni mkewe. Alisema samahani kwa usumbufu, ila aliachiwa maagizo kwamba leo anipigie kwa wakati ule, aniulize saa ya ukutani inasemaje.

Nilimwambia.

"Haya," alisema. "Ahsante. Alisema ukijibu, basi nitajua uko kwenye kiti."

Joto sikupima.

Jumatano, 14 Mei

Nimebandua "Wafugaji wa Maradhi" ukutani. Chini yake ukuta una rangi nyingine.

Nimeandika makala mpya, neno kwa neno ukweli: rafu, miezi kumi na minne, fundi aliyebeba bango dhidi ya dawa yake kwa sababu mimi nilimwambia abebe. Na aya ya mwisho nimeandika kwamba katika nyumba yetu mimi ndiye niliyeanza kukohoa. Mhariri alipiga simu. Anasema ni nzuri ila wasomaji wananipenda nikiwa na hasira. Nilimwambia hasira ipo, haijapungua hata tone, imehamia tu kwa aliyestahili. Akasema aya ya mwisho haihusiani na mada, ataikata. Nilimwambia akiikata, ahakikishe jina langu analikata pia.

Jumanne, 20 Mei

38.0. Makala imetoka, nzima. Wametukana wengi. Nimelala vizuri.

Kwenye simu: kikohozi kimoja tu. Cha mbali. Kiliita, kikasubiri, kikaita tena. Cha karibu hakikujibu.

Jumanne, 27 Mei

Mvuke wa kumi na mbili. Tarehe naijua, kila mtu aliyesoma kadi ile anaijua, na Daktari aliitazama kalenda, akanitazama mimi, akanifunga barakoa yeye mwenyewe badala ya muuguzi. Kiti cha pili amekalia mwalimu wa hesabu mwenye woga. Ameniuliza homa inaanzaje. Nimemwambia inaanzia mgongoni, na kwamba asiiogope, na kwamba saa ile ya ukutani ni sahihi, aiamini.

Picha ya mwisho: pale palipokuwa na haragwe pana kovu. Leo sikupata homa kabisa. Daktari anasema ndivyo inavyotakiwa. Mbwa asiye na cha kubwekea hulala. Wiki nzima sijakohoa hata mara moja. Amenirudishia daftari la bluu nimalizie safu za leo, kisha nilipeleke kesho na kesi yangu ifungwe.

Mshonaji alikuwa anafagia ngazi. Masika yanaisha, ameanza kuacha mlango wazi. Nilimwambia nimepona. Alifurahi kweli, akanishika mikono yote miwili.

"Na mimi nimesikia tofauti," alisema. "Yule mkubwa amepona, tangu wiki jana simsikii. Mdogo bado, dada. Mdogo ndiye ananitia wasiwasi. Anaita sana."

Nimepanda. Ni saa tisa alasiri, na mvua, ambayo ilikuwa imekwisha, imeanza tena, nyepesi. Nimetandika kitanda. Fulana ndogo nimeiweka ukingoni. Kwenye daftari la hospitali, safu ya kikohozi, nimeandika: hakuna. Kisha nimelala, nikasogea ukutani, kumwachia nafasi.